Malkia wa Kituo cha Mwisho

Mwezi wa Julai, mvua imeondoka saa nane,
lami ya Bydgoszcz inafuka kama sufuria iliyofunuliwa
na tramu yangu inaingia katika wingu la mabawa.
Wamejibandika kiooni. Nawasha vifuta-mvua, navizima.
Harusi ya wenyewe haifagiliwi.

Ksawery, mtoto wa kaka yangu, miaka kumi na mmoja,
hukaa nyuma yangu hadi zamu iishe.
Kituo cha mwisho alishuka na kichupa cha vidonge,
akarudi anahema: "Shangazi, malkia!"

Alikuwa mwembamba, kichwa kidogo, mabawa marefu.
Tukampa neli ya kioo, maji, pamba,
giza la droo ya soksi.
Siku ya pili amekunja miguu.
Alikuwa dume. Kazi yake aliimaliza angani
nasi tukamjengea nyumba.
Mama aliposikia alisema kosa hilo
si geni katika ukoo wetu.

"Usitazame mabawa," mtoto ananifundisha sasa,
macho mekundu kwa kusoma usiku,
"mabawa wanayo wote. Tazama kifua."
Kifua cha malkia kimetuna
kama cha mtu aliyeficha mkate ndani ya koti.
Tumbo zito, karibu liburuzwe.
Na mabawa yakiwa hayapo, tafuta makovu,
mawili kila ubavu,
pale alipojivua mwenyewe.

Nilimwona saa tano usiku, kwenye ngazi ya mlango wa kati,
peke yake, anakwenda mbio kama mwenye funguo.
Nikapiga magoti kwa tochi ya simu.
Makovu manne.
Ripoti ya zamu inasema: kuchelewa dakika sita,
sababu, hitilafu ya mlango.

Usimlishe. Usimtikise. Usifungue.
Ile misuli ya kurukia, isiyo na kazi tena,
anaila ndani kwa ndani,
anaifanya mate, anawanywesha wanawe.
Najua majiko mawili matatu ya mtaa huu
yaliyopikwa hivyo.
Chungu ni mdudu, chungu ni chombo,
na kilicho chungu hakimezwi haraka.

Mayai kama chumvi iliyolowana.
Nilichungulia kupitia karatasi nyekundu ya chokoleti,
maana wekundu, anasema Ksawery, hawauoni.
Siku ya tisa nilibamiza droo kwa hasira,
hasira za simu, si zake.
Kesho yake mayai matatu yalikuwa yamepungua.
Ameyala.
Sikumwambia mtoto.

Kisha funza, kisha vifuko vya rangi ya mchele wa zamani.
Mwisho wa Agosti, nikiwa na viatu vya kazi mguuni,
kifuko kimoja kilipasuka:
kitoto cheupe-cheupe, kimepauka, kidogo kuliko sisimizi wa barabarani,
hakijui kusimama,
na mama yake anakilamba, anakinyoosha mguu mmoja mmoja.
Wa kwanza huwa wadogo, njaa iliwapima.
Nikachovya sindano katika asali,
nikasogeza pamba unywele mmoja.
Kilikunywa hadi tumbo likang'aa.

Oktoba kaka yangu alihamia Gdynia, meli zinaajiri.
Ksawery aliacha kalamu, daftari la hesabu,
na maagizo kwenye mlango wa friji:
BARIDI, SI BARAFU. HADI MACHI.
Basi wamelala kati ya siagi na matango ya siki,
ukoo mzima katika neli ya urefu wa kidole.
Wageni wakija naficha. Fundi wa friji aliuliza, nikasema dawa.

Jumapili anapiga simu. Hasalimu.
"Wangapi?"
"Wanane," nasema, mlango wazi, baridi miguuni.
"Hesabu tena, Shangazi."
Nahesabu. Mmoja amejikunja chini ya mama,
sijui kama analala.
"Wanane," nasema.
Nafunga mlango polepole.