Nyasi Zilizolaliwa

Januari, viazi vikiwa na maua,
mama hutundika kibao langoni:
*Hema moja peso elfu nne. Maji bure.
Mbwa wenu afungwe. Wetu hafungwi.*
Ndipo wanapokuja, wa Temuco, wa Valdivia,
magari yakitapika magodoro ya kupuliza,
watoto wamelewa kona za barabara,
nami nimekaa ngazini na daftari:
jina, namba ya gari, watu, siku.
Nawaambia wote neno moja:
hapa Chiloé mvua haiombwi.

Wapo wasiotaka shamba.
Wanataka ufuo, mawimbi yawabembeleze.
Mama huwaambia, leo bamvua,
maji yatafika pale penye gogo.
Hulitazama gogo. Huitazama bahari,
imekwenda mbali hata mashua zimelala ubavu topeni.
Hucheka kwa adabu.
Saa saba usiku twawasikia wakipanda kilima
wamekumbatia mablanketi,
sufuria yao inaelea kuelekea bara
kama iliyoamua kurudi nyumbani peke yake.
Mama hasemi "niliwaambia".
Jiko la kuni keshaliwasha,
na viazi vya moto huwapa, si vya kula kwanza,
vya kushika.

Don Baltazar hakulala ufuoni hata siku moja.
Miaka kumi na mmoja, yeye na Irma wake,
pembe ile ile ya ua, upepo usikofika,
na hema lao la turubai, zito, kijani kilichochoka,
la kusimamishwa na watu wawili:
nguzo huku, nguzo kule,
na katikati ugomvi.
"Vuta!"
"Si navuta!"
"Si huko, mume wangu, huko ni Ajentina!"
Tulitoka jikoni kuwasikiliza.
Ndiyo sinema tuliyokuwa nayo.

Mwaka huu alishuka garini peke yake.
Kwenye safu ya *watu* niliandika moja,
kalamu ikakwama, nikapita juu yake tena.
Alilitandaza lile lile.
Akasimamisha nguzo ya kwanza, akaikimbilia ya pili,
ya kwanza ikaanguka.
Akairudia, ya pili ikalala.
Vijana wenye mahema mepesi,
yale yanayofumuka yenyewe kama mwavuli,
waliacha kutafuna, wakatazama sahani.
Kidole kimoja hakivunji chawa, najua.
Sikujua kwamba hata turubai huhesabu vidole.

Mama alikuwa anachimba viazi vya mapema.
Alifuta mikono kwenye aproni,
akavuka konde na mabuti yake ya mpira,
akaishika nguzo ya pili.
Hakutoa pole. Hakusema kitu.
Kamba zikafungwa kimya,
vigingi vikaingia ardhini kimya,
na lilipokaribia kusimama, likiyumba,
mama, ambaye hajawahi kumkemea mgeni,
alipaza sauti hadi kondoo wakageuka:
"Si huko, don Baltazar! Huko ni Ajentina!"

Mzee akaganda, kamba mkononi.
Mabega yakatikisika. Alitupa mgongo,
hatukujua kama ni kicheko.
Kisha akavuta upande unaofaa.

Machi wameondoka wote.
Kibao kimeegemezwa nyuma ya mlango.
Kondeni imebaki mistatili ya nyasi zilizopauka
na mama anaisoma kama mimi nisomavyo daftari:
hapa walilala wale wa watoto mapacha,
hapa wale wapenzi walioamka saa sita mchana,
hapa yule mpiga filimbi, Mungu amsamehe.
Pembeni kuna mstatili mkubwa.
Upande mmoja nyasi zimelala chapa,
upande wa pili
zimejaribu kusimama.

Kondoo wamefika langoni, wanalia.
Naweka mkono kwenye komeo.
"Ngoja," mama anasema.
"Inyeshe kwanza. Mvua moja tu."