Pingili Saba

Nyangumi alikuja kufia Cucao, Julai, mvua ikiwa siku ya tisa.
Shule ikaomba mifupa,
na wakamwita baba yangu, Eleuterio Nahuelquín, mchinja kondoo,
kwa kuwa upande wote ule wa Chiloé
hakuna mwenye visu kama vyake.
Miezi minne tulinuka. Dukani
walituuzia mkate kupitia dirishani.

Baba hakusoma. Alihesabu kwa kidole gumba,
kama anavyohesabu shingo ya kondoo kabla ya shoka:
moja, mbili, akasimama kwenye saba.
Akarudia. Saba.
Shingo ile isiyoonekana, kichwa kimezama mabegani,
pingili zimebanana, nyembamba kama sahani kabatini,
na bado saba.
"Huyu," akasema, "ni kondoo."

Mwalimu Ismenia alicheka, kisha akaacha kucheka.
Twiga wa kitabuni, akasema, naye saba,
kila moja nusu dhiraa;
panya wa ghala la viazi, saba;
pudu, paa wetu mfupi wa msituni,
saba.

Fikiri umbali aliokwenda:
akavua miguu, akavua manyoya,
akahamishia pua utosini,
vidole akavivika glavu ya nyama,
akazoea chumvi na giza hata ukamdhania
ndugu wa samoni wa vizimbani,
samoni, asiye hata na shingo.
Miaka milioni hamsini ya kuaga,
na kwenye hesabu ndogo hivyo
hakuthubutu nane.

Au alithubutu?
Labda wa nane walizaliwa, anasema Ismenia,
wengi tu,
wasikue.

Mwacha asili ni mtumwa, husema watu.
Sijui. Huyu aliiacha nchi kavu
akawa mrefu kuliko kanisa letu;
ni asili iliyokataa kumwacha.

Ndani ya minofu baba alikuta kifupa cha nyonga,
kinaelea peke yake, hakishiki kitu,
kitasa cha nyumba iliyokwisha kubomolewa.
Hakumpa mwalimu.
Kiko juu ya friji, karibu na redio.

Usiku najigusa ukosini,
pale kola inapokwaruza. Kile kinundu
ni ya saba.
Baba anayo. Kondoo wa kesho anayo.
Mvua haijakoma.
Namsikia uani, ananoa.