Shimo la Majengo

Kavugho aliniita nije na sururu na nyundo ya kilo tano.
"Shimo," alisema, "si la choo.
Nataka shimo la kufika chini."
Nikacheka. Goma, chini ni wapi?
Hapa tunatembea juu ya mapaa ya watu.

Moto wa mwaka elfu mbili na mbili ulilala papa hapa,
kimo cha mtu na mkono wake ulioinuliwa,
ukapoa, ukawa ukoko usio na wa kuukwangua.
Tukajenga juu yake. Udongo tunanunua kwa gunia,
unateremka na chukudu ya Bauma kutoka Kibumba,
udongo wa lengalenga, udongo wa maua ya kaburi,
bei hupanda kila barabara inapofungwa.

Kavugho hakutaka udongo wa gunia.
Alikuwa na vijiti vitatu vya mzabibu
ndani ya kitambaa kibichi, vimetoka Dodoma
chini ya kiti cha shemeji yake, dereva wa lori,
vikavuka mipaka miwili bila kuulizwa jina.

"Kule ni mchanga mwekundu, na mvua ina mkono wa birika.
Mizizi inajifunza kwenda mbali.
Huku mvua haina adabu,
lakini jiwe hili lina matundu, linameza yote;
ikikatika saa tisa, jioni unatembea na ndala kavu.
Mzabibu hautaki kuoga.
Unataka kunywa na kwenda zake."

Tulitafuta mahali siku mbili.
Penye bonde alikataa: Mugunga, mbuzi wa mjomba wake
alilala bondeni, hakuamka.
Mazuku hukaa chini, hukaa kimya, kama deni.
Tukachagua ukuta unaotazama Gisenyi,
jua linapofika kwanza,
na mawe meusi yanalishika hadi usiku:
weka kiganja, ni kama ubavu wa ng'ombe.

Siku ya kwanza, jiwe la juu, povu tupu, lilivunjika kama mkate.
Ya pili, ya tatu, ya nne: jiwe la buluu, gumu,
linalia kama kengele ya misa,
na watoto wa jirani wanahesabu mapigo yangu hadi wanachoka.
Kila asubuhi niliteremsha mshumaa kwanza.
Ukizimika, sishuki.

Siku ya tano nyundo ilibadilisha sauti.

Vidole viwili vya udongo uliochomwa, mwekundu kama tofali.
Chini yake mweusi, baridi, wenye unyevu,
udongo ambao haukuona mchana tangu nikiwa na miaka kumi na moja.
Na mfuniko wa sufuria.
Wa bati. Mshikio wake ulifungwa kwa waya.
Avenyu yetu ilikuwa hii, au ile ya pili;
zilikufa pamoja na vibao vyake.
Kavugho alikuwa juu, anauliza: "Umefika?"
Nikasema nimefika.
Nikaurudisha mfuniko mahali pake,
kijiti tukakisimamisha kando.

Huku hakuna kipupwe cha kuulaza mti.
Kavugho huulaza kwa mkasi: anakata, anaunyima maji,
mti unadhani umekufa, ndipo unazaa.
Mlima ukikohoa, majani yanatoboka,
naye anayaosha moja moja
kwa maji ya ziwa, ya bidoni, ya kununua.
Mumewe anasema ndoa yao haijawahi kuoshwa hivyo.

Mwaka wa tatu, vishada kumi na saba.
Ndege walikula tisa.
Zabibu ndogo, nyeusi, ngozi nene.
Ikatoka chupa moja na nusu, na ile nusu ilikuwa siki.
Akanimiminia kwenye glasi ya chai.
"Ina ladha gani?"
Mimi mtu wa kasiksi, nijue nini?
Nikasema: chuma. Nikasema: moshi kidogo.
"Na nini tena?"

Nikamaliza glasi.
Nikamuuliza shimo la pili tutachimba lini,
hatua nne upande wa kushoto,
palipokuwa, nadhani, mlango.