Saba kwa Kumi

Bi Zuhura Msellem, mwalimu wa jiografia,
alistaafu huko Tanga na chaki moja mfukoni,
akaja kupanga nyumba ya likizo niitunzayo Kasenda,
ile yenye baraza juu ya ziwa la shimo,
ambayo mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka na mbwa wake.
Siku sita, akasema. Niendeshe.
Miaka thelathini na moja nimeuchora Ruwenzori ubaoni,
theluji nikaipaka kwa ubavu wa chaki,
wanafunzi wakaniuliza, "Umewahi kuuona?"
nami nikafuta ubao.

Fort Portal, sokoni, muuza ndizi alimwuliza empaako yake.
Akasema hana.
Hana! Kama mtu asemaye hana kitovu.
Akapewa palepale, Abwoli, pamoja na kichane cha nyongeza,
na njia nzima ya kurudi alilijaribu jina lile
kimyakimya, kama kiatu kipya.

Karambi, kwenye makaburi ya wafalme, alivua viatu bila kuambiwa.
Amabere, pangoni, maji yalidondoka meupe kutoka kwenye mwamba.
Nikamsimulia kisa cha binti wa mfalme.
"Ni chokaa tu, Araali," akasema.
Kisha akakinga kiganja.

Sempaya tulichemsha mayai kwenye chemchemi ya moto.
Manne. Tulikuwa wawili, tukala matatu,
la nne akalifunga kwenye leso, la mume wake,
tukawa tumefika kona ya tatu
ndipo akakumbuka, akaniomba nile.
Nililila. Sikuuliza kitu.

Katwe alimwita mchimba chumvi aliyezama hadi kiunoni,
akataka kujua gunia moja ni bei gani.
Akajibiwa.
Hakusema neno mpaka Kasese.

Na kila siku, kila kilima, nilinyoosha kidole: pale.
Akatazama pale.
Pale palikuwa na wingu.

Siku ya sita akasema hatoki, miguu imegoma.
Alasiri nikawa naosha tope kwenye magurudumu,
yeye amesinzia barazani, daftari kifuani,
mdomo wazi kidogo.
Nikainua macho.
Wingu lilikuwa limeteleza kama shuka mabegani mwa mtoto
na mlima umesimama, wote,
mweupe juu, karibu mno, hauna haya.
Nilipiga hatua tatu kuelekea barazani, kitambaa kikinidondokea viatuni.
Alikuwa amelala usingizi wa mtu
aliyemaliza kusahihisha madaftari ya darasa zima.
Nikasimama. Nikasita.
Nilipomaliza kusita, shuka lilikuwa limerudi.

Asubuhi, njiani kwenda kupanda basi:
"Jana ulitoka?"
Ulimi ulitaka kuteleza.
"Ulitoka."
Alinuna maili nne nzima.
Kisha: "Simamisha gari."
Akashuka, akatoa ile chaki,
akanionyesha mlango wa gari langu jeusi. "Chora."

Nilichora nilivyoona, mkono ukitetemeka
kama wa mtoto aliyeitwa mbele.
Alirudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono,
akafuta ncha moja kwa kidole gumba.
"Saba kwa kumi. Kilele cha kushoto umekipunja."
Sikukipunja, Abwoli, nikamwambia, ndivyo kilivyo.
Sivyo, akasema, mimi nimekifundisha.
Nami nimekiona!
Tukabishana hivyo, kando ya barabara,
hadi basi likatupita likipiga honi.