Glavu ya Kushoto

Saa moja kasorobo, Ulaanbaatar bado giza,
na glavu ya kushoto haipo.
Ya kulia ipo, kama kawaida yake,
imelala juu ya kipasha joto, kavu, imetulia,
shahidi aliyeapa kutosema.

Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umepanda mpaka dirisha letu la ghorofa ya saba,
na lifti, tangu Jumanne, imekwama kati ya tatu na nne
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Anujin, uliivulia wapi?
"Sijui."

Sijui ya mtoto wa miaka sita
haina mlango wala dirisha.
Unaizunguka, unaizunguka, unarudi pale pale.

Tuguldur yeye tayari:
soksi tatu, suruali mbili, sweta,
koti, kofia, skafu mpaka puani.
Nimemfunga kama kifurushi cha posta cha kwenda ng'ambo.
Sasa macho mawili yananitazama kutoka ndani ya sufu:
"Mama. Mkojo."

Zipu. Kifungo. Zipu.
Naanza upya, na sitasema ninachotaka kusema.

Simu inatetemeka mezani. Ganzorig, kutoka mgodini,
siku yake ya tisa kati ya kumi na nne.
Uso umeganda kwenye kioo, mdomo wazi,
mtandao umemnasa katikati ya neno.
Namwegemeza kwenye birika la chai
aone familia yake ikipita, ikirudi, ikipita.

"Mama, mwalimu anataka trei za mayai. Tupu."
Lini?
"Leo."
Namimina mayai tisa bakulini kama mtu anayelipa faini.
La kumi linadondoka. Pwaa.
Tuguldur anacheka mpaka skafu inamvuka,
na kicheko kile, sijui niseme nini,
kinanipokonya hasira mkononi
kama askari anavyompokonya mlevi chupa.

Ngazi mia moja na arobaini. Nazijua kwa magoti.
Mmoja mgongoni, mikoba miwili, trei kwapani,
na Anujin nyuma anaimbia kila ngazi namba isiyo yake.

Barabarani baridi inauma meno.
Mkono wake wa kushoto, uchi, mwekundu,
unatafuta, unaingia mfukoni mwa koti langu,
unakuta wangu.
Kiganja kidogo, kina jemu.
Kinanifinya mara mbili. Namfinya mara mbili.
Hatusemi neno mpaka lango la shule,
na njia ile, ambayo kila siku naiona ndefu,
leo imekwisha upesi.

Kazini nimechelewa dakika kumi na moja.
Daktari anatazama saa, halafu ananitazama mimi,
halafu anatazama ute wa yai kwenye kiatu changu.
Nakabidhi koleo, pamba, koleo.
Mchana kutwa mfuko wangu umenata jemu.

Usiku tunakula mayai. Tisa, ya kukaanga, na mkate,
na hakuna anayelalamika, jambo ambalo
nimeliandika kichwani lisije likapotea.
Wakilala, nafagia chini ya kitanda
na vumbi linanitolea penseli, jino la Anujin
tulilolililia wiki nzima,
na glavu.

Nakaa nayo sakafuni kitambo.
Naweza kuirudisha pale nilipoikuta.
Lakini baridi ya huku haina utani na vidole vya watoto,
nami ni mama kabla ya kuwa mjinga.
Naiweka juu ya kipasha joto, kando ya mwenzake,
nazima taa.

Saa moja kasorobo.
Ya kulia ipo.
Anujin amesimama mlangoni, koti limefungwa vizuri,
mara ya kwanza mwaka huu bila kuambiwa,
uso umetulia kama maziwa bakulini.

Iko wapi?

"Sijui," anasema,
na mfuko wa suruali yake umevimba.