Kifungu cha Saba

Ukutani mwa ofisi yetu, Kirumba Mwaloni,
kalenda ya duka la nyavu imechorwa kwa kalamu tatu.
Ijumaa, saa sita hadi nane, kijani: Hamduni yuko msikitini.
Jumamosi nzima, buluu: Nyaboke hashiki hata ufunguo.
Jumapili, nyekundu: Mama Kavira anaimba mpaka jua linainama,
Jumatatu anarudi sauti imekauka, anauliza bei kwa vidole.
Mimi karani wa mizani nikijumlisha zinazobaki
napata siku nne na kipande,
na dagaa, wao, huvuliwa kila usiku wa giza
bila kuuliza kesho ni ya nani.

Kule forodhani bendera zimeanikwa pamoja
kama nguo za nyumba moja.
Mkataba tuliuandika kwa Kiswahili, tukadhani tumemaliza.
Kumbe Kiswahili chenyewe ni watu watatu.
Hamduni wa Ujiji akisema "kesho, inshallah," amekubali;
Nyaboke wa Kisii anasikia mlango ukirudishwa taratibu.
Nyaboke akisema "leta hiyo pesa," anaomba kwa upole;
Hamduni hunyamaza kama aliyetemewa mate kiatuni.
Na Mama Kavira wa Butembo, "niko nakuya," anasema kwenye simu,
na Rusumo bado hawajaliona lori lake.

Siku ya kwanza Hamduni aliagiza kahawa.
Nyaboke Msabato hanywi kahawa, wala chai ya majani.
Hamduni akabaki anaviangalia vikombe.
Siku ya pili Mama Kavira akapika kambare, mawese yanang'aa.
Nyaboke akapekua mchuzi kwa kijiko, akaulizia magamba.
Hana, akajibiwa.
Akala ugali kwa chumvi, akausifu ugali.
Siku ya tatu kila mtu alikuja na muhogo wake wa kuchoma,
na biashara ikaanza.

Jumamosi moja ya Novemba wingu likatokea upande wa Ukerewe.
Dagaa wa Nyaboke wametandazwa mchangani, wa magunia arobaini,
mwenyewe yuko kanisani, simu kaizima.
Sheria yake tunaijua:
siku hiyo hafanyi, hatumi mtu, halipi.
Hamduni akasimama, anapima wingu, anapima maneno.
"Hajatutuma," akasema. "Na hatatulipa."
Mama Kavira alikwishavua viatu.
Tukazoa kwa turubai, kwa kanga, kwa mifuko ya saruji;
mvua ilitukuta kwenye gunia la thelathini na saba.

Jua lilipozama akaja na tochi, bado na gauni la ibada.
Akahesabu. Akahesabu tena.
"Nani kazoa?"
"Upepo," akasema Hamduni, macho ukutani.
"Upepo wa wapi huo, unaojua kufunga fundo?"
"Wa Butembo," akasema Mama Kavira,
magamba ya dagaa yakimeta miguuni pake.

Hakushukuru.
Ila Ramadhani ilipoingia nilimfuma nyuma ya ghala
anakula maandazi yake upesi upesi, mtu mzima,
ameipa ofisi mgongo kama mwizi.

Usidhani tumepatana.
Kifungu cha saba, *malipo yakichelewa*, mpaka leo ni nafasi tupu.
Nyaboke anataka asilimia mbili kwa mwezi.
Hamduni anasema hiyo ni riba, wino wake hautagusa hapo.
Mama Kavira, ambaye ndiye mchelewaji,
anasema Mungu atafungua njia,
na hapo wote wawili humkasirikia kwa sauti moja.
Ndio umoja wetu ulio imara kuliko wote.

Watu husema mizani haina dini wala taifa. Sijui.
Hii yangu ina kutu upande wa kushoto.
Kila asubuhi, kabla hawajafika,
naiwekea jiwe la kilo tano, nasubiri mshale utulie.
Hautulii upesi.