Kilo Tisini na Sita

Penye Mawe Mapana mto hukonda,
maji yakawa kina cha buti,
na hapo kila mara Mereana hunigeukia:
"Shuka, kaka. Tembea."
Nami hushuka, kilo tisini na sita,
nikakanyaga changarawe za Hurunui
huku boti yake isiyo na rafadha
ikiunyonya mto na kuutema nyuma,
ikipanda bila mimi.

Julai, theluji imeshuka hadi kiunoni mwa milima,
akasema mezani, kijiko mdomoni:
"Ama wewe upungue, ama injini ipumue."
Nikaongeza siagi kwenye mkate.
Basi ikawa injini.

Dola mia nne. Hakuna nyingine.
Akaziandika kwa penseli ukutani mwa karakana
akaanza kutoa:
hedi mbili za lori la kubebea kondoo
lililozeeka nyuma ya ghala la akina Pascoe, mia na hamsini,
viota vya panya bure;
gasketi, mia na kumi;
vijiwe vya grinda na pesti, arobaini na mbili;
springi za mtumba, thelathini.

Tukazipindua, tukamimina mafuta ya taa,
tukangoja kama waliomweka mgonjwa kipimajoto.
Valvu ya tatu ikadondosha. Tone. Tone.
Akapaka pesti ukingoni,
akazungusha kijiti baina ya viganja
kama apekechaye moto,
hadi ikatokea pete ya kijivu,
nyembamba, isiyokatika popote.

Kisha akamulika njia za hewa.
"Ina nyama za pua," akasema.
Akalaza gasketi juu, akachora mpaka kwa msumari,
na usiku kumi na mmoja grinda ililia.
Ng'ombe wa jirani walihamia upande wa pili wa ua.
Vumbi la chuma liliingia kwenye chai;
nilipenga kamasi nyeusi.
Kazi yangu ilikuwa kushika taa.
Na ni mimi niliyesema, "Ongeza kidogo pale."

Akaongeza.
Sauti ikawa nyembamba ghafla.
Tundu. La ukubwa wa dengu,
na nyuma yake njia ya maji.

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu.
Alivua miwani; alipokuwa ameifunga
ngozi ilibaki safi, miduara miwili,
nayo ilinitazama.
Ukutani: sitini na nane.

Struthers huchomelea chuma cha kalibu,
ila hakigusi kikiwa baridi:
kitapasuka, asema, kama glasi iliyomiminiwa chai.
Kwa hiyo tulimwomba Faye oveni ya duka lake.
Alfajiri, mikate ilipotoka, hedi ikaingia,
ikatoka inanukia hamira na oili.
Struthers akayeyusha ufito wa shaba, akaziba,
akaizika kwenye pipa la majivu
siku mbili, ipoe bila haraka.
Dola sitini na magunia mawili ya viazi.

Oktoba tukaifunga,
bolti za katikati kwanza, kisha za nje,
duru tatu, kila duru akinipa spana
dakika moja, kisha akinipokonya.
Ikakohoa. Ikatoa moshi wa samawati.
Ikakubali.

Penye Mawe Mapana nilikuwa tayari,
mkono ukingoni, mguu mmoja nje.
"Kaa," akasema.

Nikakaa.
Hatukuruka, wala hatukumpita mtu yeyote.
Tulipanda kama mtu apandaye ngazi na gunia begani,
na mawe niliyoyajua kwa nyayo
yakapita chini bila kunisalimu.

Juu, majini palipotulia, alizima,
akaweka kiganja penye kovu la shaba.
"Joto sawa na mwenzake."
Mfukoni mwangu dola nane zilikuwa zimelowa.

"Tukirudi Jumapili," nikamwambia,
"unishushe pale, mara moja tu."
"Kwa nini?"
Sikuwa na jibu. Buti zangu zilikuwa kavu.